Msalaba Ulioondolewa Assy

Tarehe 4 Agosti 1950, kwenye uwanda wa Assy katika milima ya Alpi upande wa Ufaransa, mkabala na Mont Blanc, lilitabarukiwa kanisa la Mama Yetu wa Neema Zote. Kwenye altare kuu ulisimama msalaba wa shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Germaine Richier. Hata miezi tisa haikutimia. Mwezi Aprili 1951 askofu wa Annecy, Auguste Cesbron, aliagiza msalaba huo uondolewe, na mzozo uliozuka ukafika hadi Roma. Walioupinga walisema wanalinda mapokeo ya Kanisa, na wengi wamewacheka tangu wakati huo. Mimi siwacheki, kwa sababu kanuni waliyoisimamia ni ya kweli na ni ya kale: sanaa ya kanisani si mali ya msanii, ipo kwa ajili ya sala. Tatizo ni kwamba waliichanganya kanuni hiyo na ladha ambayo umri wake ulikuwa kama miaka mia moja tu. Ukipimwa kwa mapokeo yenyewe, yale yaliyoanza karne nyingi kabla ya babu zao, msalaba wa Richier ulikuwa na jamaa wengi kuliko sanamu ambazo macho yao yalikuwa yamezizoea.

Tuanze na mahali penyewe, maana bila kupafahamu kesi hii haieleweki. Assy ilikuwa makazi ya wagonjwa. Kabla dawa za kutibu kifua kikuu hazijapatikana, madaktari wa Ulaya waliwapeleka wagonjwa milimani wakapumzike kwenye hewa kavu na jua, na katika uwanda huo sanatorio zilijengwa moja baada ya nyingine. Marie Curie, yule mwanasayansi wa radiamu, alifia hapo mwaka 1934 katika sanatorio ya Sancellemoz. Padre Jean Devémy, aliyekuwa mlezi wa kiroho wa wagonjwa wa Sancellemoz, aliona kwamba watu wengi namna ile, waliong'olewa makwao na kuishi na kifo kitandani, hawana kanisa la kuwatosha. Ujenzi ulianza mwaka 1938 chini ya msanifu Maurice Novarina, kwa mawe ya huko huko na paa pana la kubeba theluji, kama zilivyo nyumba za wakulima wa milimani. Kuhusu mapambo, Devémy alimgeukia rafiki yake, Padre Marie-Alain Couturier, Mdominiko aliyekuwa mchoraji kabla ya kuingia shirikani, ambaye tangu mwaka 1937 aliongoza jarida la L'Art sacré pamoja na mwenzake Pie-Raymond Régamey. Couturier alikuwa na imani moja isiyoyumba: Kanisa lililokuwa likiwaita mabingwa wa kila zama limeacha kuwaita, na matokeo yanaonekana kwenye kila altare.

Basi akawaita. Fernand Léger alifunika uso wa mbele wa kanisa kwa mozaiki ya Bikira Maria na alama za litania yake. Vioo vya Georges Rouault viliwekwa madirishani. Henri Matisse alimchora Mtakatifu Dominiko kwa mistari myeusi michache juu ya vigae vya njano, Pierre Bonnard akamchora Mtakatifu Fransisko wa Sales, na Georges Braque akatengeneza mlango wa tabernakulo wenye samaki mmoja tu. Ukuta wote nyuma ya altare ulifunikwa na zulia la ukutani la Jean Lurçat lenye maono ya Ufunuo wa Yohane: mwanamke aliyevikwa jua upande mmoja, joka upande wa pili. Miaka michache baadaye Marc Chagall alipamba mahali pa ubatizo, na Jacques Lipchitz akachonga sanamu ya Bikira Maria. Léger na Lurçat walikuwa wakomunisti, Chagall na Lipchitz walikuwa Wayahudi, na Matisse hakuwa mtu wa kanisani. Kwa Wakatoliki wengi wa Ufaransa ya miaka ile orodha hiyo peke yake ilitosha kuwanyima usingizi.

Hata hivyo kilichowasha moto hakikuwa kazi ya mkomunisti wala ya Myahudi, kilikuwa msalaba wa Richier. Inafaa kuutazama kwa karibu. Uso hauna macho wala mdomo unaosomeka. Mikono imetandazwa kwa urefu unaozidi kipimo cha mwili, kifua kimebonyea, miguu imekonda. Shaba yenyewe imekwaruzwa na kufinywa ikawa kama gome la mti mkongwe, na huwezi kuonyesha kwa kidole mahali ambapo mti unaishia na mwili unaanza. Richier alieleza kwamba hilo alilikusudia: msalaba umechukuliwa pamoja na mateso ukaingia ndani ya nyama, na umbo la msalaba wenyewe linabaki kudokezwa tu. Ukiusogelea unakutana na shaba iliyosumbuliwa. Ukirudi nyuma hadi kwenye mabenchi, mikono ile mirefu inageuka na kuwa mikono ya mtu anayepokea.

Mwezi Januari 1951 Devémy alikwenda kutoa mhadhara mjini Angers, magharibi mwa Ufaransa, na kuonyesha picha za kanisa lake. Kundi la Wakatoliki wenye msimamo mkali lilivuruga mkutano, kisha likasambaza kijikaratasi chenye picha ya msalaba wa Richier kikidai kwamba Mungu amefanyiwa dhihaka. Malalamiko yalifika Roma, na kutoka Roma shinikizo likamshukia askofu wa Annecy, ambaye mwenyewe ndiye aliyekuwa amepokea kanisa lile katika jimbo lake. Baada ya msalaba kuondolewa, Askofu Mkuu Celso Costantini aliandika katika L'Osservatore Romano, gazeti la Vatikano, kulaani upotoshaji wa maumbo matakatifu, na tarehe 30 Juni 1952 Ofisi Takatifu ikatoa Maelekezo kuhusu sanaa takatifu. Maelekezo hayo yalikumbushia amri ya Mtaguso wa Trento ya mwaka 1563, inayokataza kuweka kanisani picha au sanamu isiyo ya kawaida bila idhini ya askofu. Wengi walielewa kwamba hukumu imetoka na kesi imefungwa.

Lakini hati ile ya mwaka 1952 ilisema na jambo jingine, ambalo walioshangilia hawakulisoma kwa sauti. Ilikataza vikali kurundika makanisani sanamu na picha zisizo na thamani kubwa, zilizofyatuliwa kwa mfano mmoja, na kuzipanga ovyo ili waamini waziheshimu. Roma ilikuwa imenyoosha vidole viwili, kimoja kwa Richier na kingine kwa maduka ya Paris. Ni hicho cha pili ambacho historia yake inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndiyo iliyounda macho ya watu wa Angers, na kwa kiasi kikubwa macho yetu pia.

Katika karne ya 19, mitaa inayolizunguka kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris ilijaa maduka ya vifaa vya ibada. Biashara yao ilitegemea ukungu. Msanii mmoja alifinyanga Mtakatifu Yosefu mara moja, kisha karakana ikammimina kwa plasta mara elfu, wafanyakazi wakapaka rangi za samawati, waridi na dhahabu, na paroko akachagua kwenye katalogi kwa urefu wa sentimita na uwezo wa mfuko wake. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yamevunja na kupora mapambo ya makanisa mengi, parokia mpya zilikuwa zikifunguliwa, na njia za reli zilifikisha kreti za sanamu hadi vijijini. Kwa parokia maskini ilikuwa baraka. Zilizouzwa sana ni zile zenye uso laini, shingo iliyoinama kidogo na macho yaliyoelekea juu. Sanamu ya Bikira Maria wa Lourdes, iliyochongwa na Joseph-Hugues Fabisch na kuwekwa pangoni mwaka 1864, ndiyo iliyonakiliwa kuliko karibu zote, ingawa Bernadette Soubirous mwenyewe, aliyeona maono, hakuridhika nayo na alisema haifanani na aliyemwona. Biashara hiyo ilivuka bahari pamoja na wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa Wafaransa, na mtu yeyote aliyesali katika parokia ya zamani ya Tanzania, Kenya au Uganda anaifahamu Mama Maria ya mshipi wa samawati na Moyo Mtakatifu wa Yesu ya joho jekundu. Sanamu hizo zimesikia sala za kweli, na anayezidharau anawadharau waliopiga magoti mbele yake. Nasema tu kwamba hazina umri wanaopewa. Mtu anapozitaja kama sura ya kale ya imani, anaitaja karne ya treni na kiwanda.

Mapokeo ya kale yanasema nini basi kuhusu Msulubiwa? Jambo la kwanza linaloshtua ni kwamba kwa karne kadhaa Wakristo karibu hawakumchora kabisa. Moja ya picha za mwanzo kabisa zilizobaki imechongwa kwenye mlango wa mbao wa kanisa la Santa Sabina, Roma, katika karne ya 5. Kristo amesimama mikono wazi kama anayesali, macho hayajafumba, na msalaba wenyewe hauonekani vizuri. Baadaye zikaja sanamu za Kristo mfalme, aliyevikwa kanzu ndefu na kusimama juu ya msalaba bila maumivu, kama Uso Mtakatifu unaoheshimiwa mpaka leo mjini Lucca. Karibu na mwaka 970, Askofu Mkuu Gero wa Köln aliweka katika kanisa kuu lake msalaba mkubwa wa mbao ambamo Kristo amekufa kweli: kichwa kimeanguka, tumbo limevimba, ngozi ya mabegani imevutwa na uzito. Karne tatu na zaidi baadaye, mji huo huo wa Köln, katika kanisa la Santa Maria im Kapitol, ulipata msalaba mwingine wenye umbo la mti wa matawi mawili. Kristo wake ana mbavu zilizochomoza, majeraha yaliyofumuka na tumbo lililoingia ndani hadi mgongoni. Aliyeingia mle mwaka 1304 hakukuta uso laini. Na kila Kristo kati ya hawa, yule mtulivu, yule mfalme, yule maiti na yule aliyeraruka, aliwekwa na watu wa Kanisa ili waamini wasali mbele yake.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, uko Alsace, ndani ya Ufaransa hiyo hiyo. Kati ya mwaka 1512 na 1516 hivi, Matthias Grünewald aliwachorea watawa wa Mtakatifu Antoni wa Isenheim altare yenye mabawa ya kufungua na kufunga, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Unterlinden mjini Colmar. Watawa hao waliwahudumia wagonjwa wa moto wa Mtakatifu Antoni, maradhi yaliyoletwa na kuvu wa nafaka, ambayo huunguza neva, hufanya mikono na miguu kuoza, na kumwacha mtu na vidonda mwili mzima. Mbawa zikifungwa, unakutana na Msulubiwa ambaye ngozi yake imegeuka kijani, imejaa miiba iliyovunjikia ndani, vidole vimekakamaa kuelekea juu, nyayo zimepindwa na msumari hadi hazitambuliki. Grünewald hakuvipata vidonda hivyo katika Injili, alivipata kwenye vitanda vya hospitali ile. Alimvika Kristo ugonjwa wa watu waliokuja kumtazama. Sasa linganisha: hospitali ya watawa mwaka 1516, sanatorio za mlimani mwaka 1950. Huko ngozi inayooza, huku vifua vilivyobonyea na miili iliyokonda. Katika Assy wagonjwa wengi waliupenda msalaba wa Richier na walihuzunika ulipoondolewa, kwa sababu waliuona mwili wao juu yake. Sijui hoja ya kimapokeo iliyo na nguvu kuliko hiyo.

Kuna pingamizi la kiteolojia, nalo ni zito kuliko kelele za Angers. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulihalalisha picha takatifu kwa sababu Neno alifanyika mwili: Mungu ambaye hakuweza kuchorwa alitwaa mwili wa kuonekana, akaweza kuchorwa. Kwa hiyo, mtu anaweza kusema, msanii anayefuta uso wa Kristo anaupunguza Umwilisho, na sanamu isiyo na uso inarudi kinyumenyume kuelekea wale waliovunja sanamu. Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu kubwa. Linatosha, kwa maoni yangu, kuzuia michoro isiyowakilisha kitu chochote isichukue nafasi ya msalaba au ya sanamu ya Bikira Maria. Rangi tupu inaweza kupendeza dirishani, lakini hakuna anayeweza kuizungumzia kama anavyomzungumzia mtu. Msalaba wa Richier, hata hivyo, haumo katika kundi hilo. Ni mwili, na kila aliyeukasirikia aliutambua kuwa mwili, ndiyo maana alikasirika. Maandiko yenyewe, katika unabii wa Isaya ambao Kanisa huusoma kila Ijumaa Kuu, yanamtaja Mtumishi wa Mungu ambaye mateso yameharibu sura yake kiasi cha watu kugeuza nyuso wasimtazame. Uso uliofutika una mahali pake katika imani. Mahali hapo ni Ijumaa Kuu.

Na hapa ndipo kijikaratasi cha Angers kilipofanya kosa lake kubwa, kosa ambalo picha za kamera hulifanya kirahisi mno. Kiliuonyesha msalaba peke yake. Kanisani haukuwa peke yake. Ulisimama mbele ya zulia la Lurçat, mbele ya mwanamke aliyevikwa jua na joka linaloshindwa, kwa hiyo aliyeinua macho kutoka kwenye Mateso aliuona Ushindi ukiwa mkubwa mara nyingi na wenye rangi zilizowaka. Ndivyo Grünewald alivyofanya pia: fungua mabawa ya altare yake na utamkuta Mfufuka anang'aa, ngozi safi, vidonda vyote vimeondoka isipokuwa vile vitano. Msulubiwa wa kutisha anavumilika, na zaidi ya hapo anafariji, anapokuwa sehemu ya simulizi nzima. Kumkata na kumweka juu ya karatasi, kisha kuuliza kama anafaa kwa ibada, ni kuuliza swali ambalo hakuna msalaba wowote wa kale ungeweza kulijibu. Msalaba wa Köln wa mwaka 1304 ungehukumiwa vivyo hivyo.

Pingamizi la pili linahusu imani ya wasanii. Couturier alishikilia kwamba ni heri kumwita bingwa asiyeamini kuliko mwamini asiye na kipaji. Wapinzani wakajibu kwamba sala haiwezi kutoka katika mkono usiosali. Historia haiwapi ushindi wapinzani hao. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Italia katika karne ya 16, anasema Perugino alikuwa mtu wa dini haba sana, na huyo Perugino ndiye aliyechora Mabikira watulivu kuliko karibu wote wa zama zake, waliosaliwa bila mtu kuuliza moyo wa mchoraji. Lakini historia haimpi Couturier ushindi kamili pia. Maurice Denis na George Desvallières, walimu wake mwenyewe, walianzisha mwaka 1919 karakana za sanaa takatifu ili wasanii waamini wafanye kazi pamoja na kusali pamoja, na mradi ule haukuwa wa kubezwa. Kilichowasaidia wageni wa Assy ni kwamba Kanisa liliwapa maneno. Léger hakubuni Bikira wake kutoka hewani, alipewa litania. Lurçat alipewa Ufunuo. Mahali ambapo msanii aliachiwa ladha yake tu kazi ikawa nyepesi. Na kwa jumla kanisa la Assy lina kasoro ambayo watetezi wake hawapendi kuitaja: kila bingwa alileta kitu chake, na vitu hivyo havizungumzi kila mara. Ukitoka kwa Matisse kwenda kwa Bonnard unahisi upo kwenye maonyesho ya sanaa. Kikanisa cha Wadominiko cha Vence, kilichotabarukiwa tarehe 25 Juni 1951 na ambacho Matisse alikipanga chote mwenyewe, kuanzia vioo hadi kasula za padre, kilionyesha jinsi mkono mmoja unavyoweza kuleta umoja ambao majina kumi makubwa hayakuuleta.

Litakuja swali la waamini wa kawaida, na hilo haliwezi kupuuzwa na mtu anayeipenda liturujia. Kanisa si jumba la sanaa. Mama anayekuja kuwasha mshumaa hapaswi kupewa mtihani wa historia ya uchoraji kabla ya kusali. Amri ya Trento iliweka uamuzi mikononi mwa askofu kwa sababu hiyo hasa: yeye anawajua watu wake, na anaweza kujua ni picha gani itawakwaza. Lakini tazama ni nani waliokwazika safari hii. Angers na Assy ziko pande mbili za Ufaransa, na kati ya waliopaza sauti wengi walikuwa wameona picha tu. Waliokuwa wakisali mbele ya msalaba ule kila siku, wakiwa na kikohozi na hofu, hawakuulizwa. Amri iliyotungwa kuwalinda waamini wa mahali ilitumika kuwanyima waamini wa mahali kitu walichokihitaji. Upande wa Couturier nao haukuwa safi. Katika maandishi ya kundi lake kulikuwa na dharau nyingi dhidi ya plasta ya Saint-Sulpice, na dharau hiyo iliwaumiza watu ambao hawakuwa na kitu kingine cha kuwashika mkono. Anayetaka kumwondolea mtu sanamu aliyorithi kwa bibi yake anapaswa kwanza kumwonyesha alichokiona yeye.

Costantini ndiye mtu anayenifikirisha zaidi katika kesi hii yote, kwa kuwa haingii kwenye sanduku lolote. Alikuwa mchongaji. Mwaka 1922 Papa Pio XI alimtuma China kuwa mwakilishi wake wa kitume, na huko aliwasihi wamisionari waache kujenga makanisa ya mtindo wa Ulaya na kuagiza picha za Ulaya. Alimtia moyo mchoraji Chen Yuandu, aliyebatizwa kwa jina la Luka, kumchora Bikira Maria kwa hariri na wino kama wachoraji wa China. Kuanzia mwaka 1935 alikuwa katibu wa Propaganda Fide, idara iliyosimamia misheni, za Afrika Mashariki zikiwemo, na aliitetea sanaa ya wenyeji kila mahali. Mtu huyo aliyeelewa kwamba Kristo anaweza kuchorwa kwa mkono wa Kichina hakuweza kukubali kwamba anaweza kuchorwa kwa mkono wa Richier. Alikuwa na sababu. Kwa Costantini sanaa ya China ilikuwa na nidhamu yake ya karne nyingi, wakati maumbo ya Ulaya ya baada ya vita aliyaona kuwa uasi dhidi ya nidhamu yoyote. Mwaka 1921 Roma ilikuwa imeshalaani Njia ya Msalaba ya Mbelgiji Albert Servaes, iliyochorwa kwa ajili ya Wakarmeli wa Luithagen, kwa sababu kama hizo. Nadhani Costantini alikosea kuhusu kazi ile moja, lakini swali lake, kama msanii amejinyenyekeza chini ya kitu kikubwa kuliko yeye, ndilo swali sahihi. Mimi najibu kwamba Richier alijinyenyekeza chini ya Isaya na chini ya wagonjwa.

Baada ya takriban miaka 20 msalaba ulirudishwa kanisani. Kati ya hapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umetoa, tarehe 4 Desemba 1963, hati yake ya liturujia, ambayo inatamka kwamba Kanisa halijawahi kuufanya mtindo wowote mmoja kuwa wake peke yake, na papo hapo inawataka maaskofu waondoe kazi zinazopingana na imani au zinazoumiza hisia za kidini. Inaagiza pia kwamba desturi ya kuweka sanamu makanisani idumishwe, na kwamba vyombo na kazi zenye thamani zisiuzwe wala kutapanywa. Yaliyofuata katika parokia nyingi za Ulaya yalikuwa kinyume: altare za kale zilivunjwa, sanamu zikatupwa, kuta zikapakwa chokaa, tena kwa jina la Mtaguso huo huo. Wakatoliki wanaolililia jambo hilo wana haki ya kulia. Kilichofanyika ni kosa la mwaka 1951 likirudiwa kutoka upande wa pili, ladha ya muongo mmoja ikijivika mamlaka ya Kanisa zima. Hati hiyo ya mwaka 1963 ina kifungu kingine, cha 129, kinachoagiza waseminari wafundishwe historia ya sanaa takatifu wakati wa masomo yao ya falsafa na teolojia. Kifungu hicho kichukuliwe kwa uzito katika seminari zetu hapa, ambako paroko kijana ndiye atakayeamua kama sanamu ya plasta ya miaka ya wamisionari itengenezwe au itupwe, na kama mchongaji wa kijijini apewe kazi ya altare mpya. Wafundishwe kuhusu Gero, Isenheim na Saint-Sulpice kwa pamoja, na waonyeshwe msalaba wa Assy pamoja na zulia lililo nyuma yake.